Kotapini Haivutwi kwa Nati

Pedeli za baiskeli zinapoanza kucheza, aghalabu lawama huangukia ubovu wa chuma. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki, kwani kosa limo katika ufungaji.

Mkono wa pedeli ni wenzo. Urefu wake ni kama milimita 170, ilhali nusu kipenyo cha ekseli ya kati ni milimita 8 hivi. Mpandaji akiisimamia pedeli wakati mkono umelala, kani inayofika kwenye uso wa ekseli huuzidi uzito wake takriban mara 21. Katika mikono ya aina ya zamani, mzigo huo hubebwa na kotapini, kipande cha chuma chembamba kuliko kidole.

Kwa hiyo ubapa wa kotapini hauna budi kulala sawasawa juu ya ubapa wa ekseli. Huingizwa kwa kugongwa, huku mkono umeegemezwa chini kwa chuma chenye tundu. Pasipo egemeo, pigo hupokewa na gololi. Kazi ya nati ni kuizuia isirudi, wala si kuivuta. Aidha, zipo kotapini za milimita 9.5 na za milimita 9. Anayeziba tofauti hiyo kwa kipande cha bati hujidanganya.

Yafaa basi walimu wa fizikia wafundishe wenzo kwa baiskeli iliyopo uani. Mwanafunzi atakayeelewa hesabu hii hataacha baiskeli impakiayo mgonjwa kwenda zahanati itegemee kotapini iliyolegea.