Jina la Mjukuu Lisigawe Wakwe

Je, mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa Ruiru aweza kuitwa Nyambura? Nauliza waziwazi, kwa kuwa swali hili laulizwa chini kwa chini katika nyumba nyingi, na aghalabu huacha manung'uniko baina ya wakwe.

Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wamefuata riziki bara. Wako walio katika viwanda vya Thika, wako wenye biashara zao Ruiru, na si wachache waliooa huko huko. Posa hupita vizuri, bibi arusi husilimu, nikaha hufungwa na pilau huliwa na pande zote mbili. Mzozo huja mtoto anapozaliwa. Upande wa baba wataka jina "la dini". Upande wa mama wangojea kusikia jina la mzee wao.

Kabla ya kukunja uso, yafaa tuijue desturi ya wenyeji wetu. Wakikuyu hawaokoti majina ovyo. Mwana wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Basi tazama, ndugu msomaji: kwa mwana wa kwanza hapana ugomvi hata chembe. Ikiwa babu yake wa Mombasa ni Bakari, mila ya Kikuyu yenyewe yasema mtoto ni Bakari. Zamu ya upande wa mama huja nyuma, na hapo ndipo tunapogeuka. Tumeipokea haki yetu kwa mila yao, kisha zamu yao ikifika twasema mila hiyo si ya Kiislamu. Huo si uungwana.

Na dini yasemaje? Yataka mtoto apewe jina lenye maana njema, na nasaba yake iwe kwa baba yake. Haikusema kila jina liwe la Kiarabu. Ibrahim na Musa si majina yenye asili ya Kiarabu. Tena Mtume (S.A.W.) alipopata mwana alimwita Ibrahim, akasema amempa jina la baba yake, yaani Nabii Ibrahim. Kumkumbuka mzee kwa jina la mtoto si jambo geni kwetu. Na kuna mwanamke ambaye jina lake lilikuwa la Kiarabu hasa, lakini maana yake ni mwasi. Mtume akalibadilisha, akamwita Jamila. Kilichopimwa ni maana, wala si lugha.

Sisi wenyewe wa pwani tuna majina yetu. Mwana Kupona, aliyemwachia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858, nani athubutuye kusema hakuwa Mwislamu kwa kuwa jina lake ni la Kiswahili? Tuna akina Mwanakombo na Mwanamvua. Basi Nyambura ni nini? Mbura kwa Kikuyu ni mvua. Nyambura wao na Mwanamvua wetu ni ndugu. Kinyume chake, wako miongoni mwetu waliowaita watoto wao Shida, Taabu na Mashaka, na hakuna aliyewakataza.

Sisemi kila jina lipokelewe bila kuulizwa. Kariuki maana yake ni aliyefufuka, na Njoki ni aliyerudi. Wako wazee wanaoona mzee amerejea ndani ya mjukuu, na Mwislamu hawezi kuitakidi hivyo. Hapo na tuseme nao kwa adabu, tutafute njia. Mjukuu wa mzee Kariuki aweza kuitwa Yahya, jina ambalo kwa Kiarabu lina sauti ya uhai, na mzee aelezwe kwamba ni yeye anayekumbukwa. Mzee akiheshimiwa husikia.

Jambo jingine ni haraka. Mtoto hajafika siku ya saba, akika haijachinjwa, na karani wa hospitali ataka jina. Baba huandika la kwake peke yake, na mama mkwe hulisoma kwenye karatasi. Sheria yetu ya kuandikisha vizazi yatoa miezi sita ya kuandikisha, na yaruhusu jina lirekebishwe ndani ya miaka miwili baada ya hapo. Haraka ya nini basi?

Wengine hudhani wamepata dawa kwa kumpa mtoto majina mawili ya siri: Fatuma akienda Mombasa, Nyambura akiwa Ruiru. Mtoto hukua akijua kwamba kila nyumba yamficha nusu yake. Shuleni na katika kitambulisho hayo huwa matatizo. Liandikwe moja kwa moja: Fatuma Nyambura Bakari. Dini ipo, upande wa mama upo, na baba yupo.

Basi siku ya akika mwiteni nyanya wa Ruiru, akae mbele pamoja na nyanya wa pwani, na jina litajwe naye akisikia. Mtoto ni wa koo zote mbili, wala hakuna aya iliyotuamrisha kumkatia mmoja.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja kinyume na ailete.