Mtoto Si Karatasi ya Mtihani

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapana aliyewahi kusema kwamba vyanda vinginevyo vikatwe, vitupwe. Lakini hivyo ndivyo tufanyavyo kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka. Mtoto mmoja hubebwa juu kwa nyimbo na vigelegele, na waliobaki huingia nyumbani kwa mlango wa uani, vichwa chini, kana kwamba wameiba kuku wa jirani.

Leo twataka kulizungumza jambo hili kwa kuitazama mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Msomaji wa pwani huenda akauliza, ya Nairobi yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Majina ya mitaa hiyo ni majina tuyajuayo: Majengo, Kaloleni, Makadara, Ziwani. Pumwani ina Waislamu wa tangu enzi na enzi, na wengi wetu tuna jamaa zetu huko waliokwenda kutafuta riziki. Tena maradhi tutakayoyataja hayajui mpaka. Yaliyoko Kayole yako Kisauni.

Maradhi yenyewe ni mtoto wa shule kujiona kwamba yeye si kitu. Mtoto wa namna hiyo hata akiwa na akili pevu haulizi swali darasani, asije akachekwa. Usingizi humpaa, chakula hakimshuki, na mwisho hutafuta kundi litakalomwita mwanamume au mwanamke hata kama kazi yake ni kupora watu njiani. Kisha sisi husema, vijana wa siku hizi wameharibika.

Kuna mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kujithamini, nako ni mtu kujua kwamba yeye ni mtu, ana heshima yake, awe amefaulu au ameanguka. La pili ni kujiamini, nako ni kujua kwamba kazi fulani ataiweza. Hilo la kwanza mtoto hupewa bure, kwani Mwenyezi Mungu amemkirimu mwanadamu kabla hajafundishwa hesabu. Hilo la pili huchumwa kwa jasho. Kosa kubwa la zama zetu ni kuyapindua yote mawili. Heshima, iliyopasa kutolewa bure, twaiuza kwa alama za mtihani. Na kujiamini, ambako kulipasa kuchumwa, twakugawa bure kwa maneno matamu.

Tuanze na heshima. Eastlands haikujengwa ili impe mwenyeji wake heshima. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani kuwa mahali pa Waafrika, na mitaa iliyofuata ilikuwa na vyumba vingi vya mtu mmoja mmoja, kana kwamba mfanyakazi hana mke wala mwana, kwa kuwa mji haukuhesabiwa kuwa kwao. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba walihamishiwa Shauri Moyo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Mtoto wa Kaloleni wa zama hizo hakuhitaji kutukanwa ili ajue alivyohesabiwa. Mlango uliofungwa ulitosha kumwambia.

Mlango huo umefunguliwa zamani, na maktaba hiyo ina matawi yake Kaloleni na Makadara. Hata hivyo, ule wasiwasi haukuondoka pamoja na bendera ya Mwingereza. Wako vijana ambao wakiulizwa wakaapo, hutaja mtaa mwingine, au hujibu kwa kuzungukazunguka. Tusiharakishe kuwaambia mkataa kwao mtumwa. Tujiulize kwanza, ni nani aliyewafunza kukuonea haya kwao? Je, si mwalimu asemaye "nyinyi watoto wa Majengo hamfundishiki"? Je, si mzazi amwambiaye mwanawe mbele ya majirani kwamba anamlisha bure?

Sheria haiyakubali hayo. Bakora ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, kimwili au kiakili. Kwa hivyo bakora ya ulimi nayo imo katika marufuku. Lakini bakora ya mti huacha alama mgongoni, na yule aliyetenda huweza kuulizwa. Bakora ya ulimi hupiga ndani, pasipoonekana na askari wala daktari.

Ama kuhusu mitihani, kila mtu ajua ilivyokuwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 2023, na katika miaka yake ya mwisho mtoto alihesabiwa kwa alama 500. Magazeti yalijaa picha za walioshinda. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuzipanga shule na watahiniwa kwa nafasi, na mabishano hayakwisha hapo. Sasa umekuja mtaala mpya, na mtoto huandikiwa kwamba amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Nia ni njema. Lakini vipimo vyaweza kubadilika na ulimi usibadilike. Mzazi aliyezoea kuuliza "umepata ngapi?" hashindwi kugeuza "anayakaribia" ikawa tusi.

Sasa tuje kwenye kujiamini. Hapa wako wanaodhani kwamba dawa ni kumsifu mtoto asubuhi na jioni, aambiwe kwamba yeye ni simba, aweza lolote. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani hadi akawa maarufu duniani, aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini kuna chemchemi nne. Ya kwanza, iliyo na nguvu kuliko zote, ni mtu kuifanya kazi mwenyewe akaiweza. Ya pili ni kumwona mwenzake, wa hali kama yake, akiiweza. Ya tatu ni maneno ya kutiwa moyo. Ya nne ni hali ya mwili na moyo wakati wa kazi. Sifa tupu, basi, ni chemchemi ya tatu, na maji yake ni haba. Tena Bandura alionya kwamba ni rahisi zaidi kumvunja mtu kwa maneno kuliko kumjenga kwa maneno.

Sisi tuliosoma vyuoni hatushangai. Mtoto alianza alifu kwa ujiti. Hakuvukishwa herufi ya pili mpaka ile ya kwanza imekaa, wala hakungojwa na wenzake wala kuwangoja. Kila mmoja alikuwa na ubao wake na somo lake. Siku aliposimama akaisoma sura fupi bila kukosea, alijua kwamba ameweza, na hakuhitaji kuambiwa. Hatusemi kwamba vyuo vilikuwa pepo. Bakora ilikuwako, na wako walioacha kusoma kwa kuikimbia. Lakini ile ngazi ya hatua ndogo ndogo ilikuwa hekima, na bado ni hekima.

Eastlands nayo ina mfano wake. Mwaka 1987, huko Mathare, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Vijana walipewa mpira, lakini walipewa na mafagio. Timu iliyotoka kusafisha mtaa wake ilipata pointi zilizohesabiwa katika ligi pamoja na zile za uwanjani. Mwaka 1992 chama hicho kilipata tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Mwaka 1994 kikazaa timu ya Mathare United, nayo mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi ya Kenya. Angalia basi: kijana aliyekuwa akiambiwa kwamba anatoka jalalani, aliona mtaro aliouzibua kwa mkono wake, akaona jina la timu yake likipanda. Hizo ni chemchemi mbili za kwanza kwa pamoja, na gharama yake ilikuwa fagio na mpira.

Wala tusisahau ile chemchemi ya nne. Tumbo lililo tupu halisikii wasia. Mpango wa chakula shuleni ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, ambao mzazi huchangia shilingi 5 kwa sahani, unaihusu afya ya moyo wa mwanafunzi kama unavyolihusu tumbo lake.

Kwa hivyo twawaomba walimu wa Eastlands, na wa Mombasa na Malindi, wampe kila mtoto kazi moja darasani ambayo akiifanya vyema, wenzake wataona. Aliye mzito wa hesabu huenda akawa hodari wa kutunza vitabu au kusoma shairi kwa sauti. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha apandishwe ngazi hadi kwenye hesabu yenyewe. Na kazi ikiwa mbaya, aambiwe kwamba kazi ni mbaya, na aoneshwe namna ya kuitengeneza. Asiambiwe kwamba yeye ndiye mbaya.

Na nyinyi wazazi, siku ya matokeo inakuja kama ijavyo kila mwaka. Mtoto akiingia na karatasi yake, mwitikieni salamu, apewe maji, ale. Karatasi isomwe baadaye, naye amekwisha kujua kwamba mahali pake penye sinia hapakuwa na shaka.