Simu Inapobisha Hodi Barabarani



Nyumba nyingi za Kahama, Shinyanga mjini na Geita zina mtu mmoja aliye barabarani. Huyu anaendesha lori kutoka bandari kavu ya Isaka, kupitia Kahama na Ushirombo, kuelekea Rwanda. Yule anapeleka vyakula na vipuri migodini, Bulyanhulu au Nyarugusu. Mwingine ana Noah ya abiria. Akichelewa kidogo, mkono wa mama nyumbani unaiendea simu. Ni mapenzi, hapana shaka. Lakini simu hiyo humfikia mtu aliyeshika usukani, pengine jioni, ng'ombe wakivuka njia kurudi zizini.

Wengi wamejiridhisha kwamba dawa ni Bluetooth: simu inakaa mfukoni, sauti inatoka kwenye spika za gari, mikono yote miwili ipo huru. Mikono ndiyo, akili sivyo. Mwaka 2001 David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha utafiti uliofanywa kwa zoezi la kuigiza uendeshaji. Walioshika simu na waliozungumza bila kuishika walikosa ishara na kuchelewa kuitikia kwa namna moja. Kinachomteka dereva ni mazungumzo. Tena katika gari la abiria spika hiyo huitangaza siri ya nyumba mbele ya watu baki.

Hata hivyo, chombo hichohicho kinaweza kufundishwa adabu, na kazi hiyo wanaiweza vijana wetu wanaosomea kompyuta. Simu inapoita, huipelekea redio ya gari neno RING, na ikiwa imeombwa, namba ya mpigaji. Redio hujibu kwa herufi tatu tu, ATA, na simu inapokelewa. Au kwa AT+CHUP, na simu inakatwa. Amri hizi ni wajukuu wa zile za modemu za Hayes za mwaka 1981. Mapokezi yakithibiti, hufunguliwa njia ya sauti inayokwenda na kurudi kwa wakati mmoja, tofauti na ile ya muziki.

Redio ya dukani imekwisha kupangiwa lini ijibu nini, na mwenye gari hana la kusema. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye mfumo huria wa Linux, ni habari nyingine. Humo programu ya BlueZ huiunganisha na simu, oFono hushughulikia amri za kupokea na kukata, na PipeWire huibeba sauti. Zote ni za chanzo huria: msimbo wake uko wazi kusomwa na kubadilishwa, bila ada ya leseni. Kijana anayeifahamu lugha ya Python anaweza kuziagiza afanye atakalo. Orodha ya majina iliyomo kwenye simu, ambayo redio nyingi huinakili, yeye haombi, basi haiingii.

Ningependa aagize hivi. Kipokezi cha GPS kikionyesha kuwa gari linatembea, simu ikiita, programu yenyewe iipokee, icheze sauti iliyorekodiwa kwamba dereva yuko njiani na atapiga akisimama, kisha ikate. Mpigaji atakatwa salio la sekunde chache. Ni bei ndogo mno. Spika za gari zisitoe hata mlio.

Je, kama mtoto amezidiwa? Hapa dini yetu ilikwisha kutupa kipimo. Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, imetuamuru kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na tukiambiwa turudi, turudi bila kinyongo. Mtume (S.A.W) akafundisha kuwa hodi ni mara tatu. Basi namba moja ikipiga mara tatu ndani ya dakika kumi, ile ya tatu ilie mlio mmoja mfupi, ili dereva atafute mahali salama pa kuegesha na apige mwenyewe. Baada ya hapo kimya, mpaka magurudumu yasimame.

Nyumbani nako pawe na makubaliano kabla ya safari. Mke ajue kuwa kukatwa si kudharauliwa, na hodi ya pili na ya tatu ziwe za dharura kweli, si za kuulizia unga. Mume naye, akifika Runzewe au Kakola na kuegesha, asianze na chai, apige kwanza.

Sauti ya kurekodi iwe ya dereva mwenyewe, yenye salamu, isiyozidi sekunde kumi: mara moja kwa Kiswahili, na mara moja kwa Kisukuma, kwa ajili ya bibi.