Sijasoma Marx, Nimejaza Fomu

Wacha niseme mapema ili tusisumbuane: sijamaliza kitabu hata kimoja cha Karl Marx. Nilijaribu, nikalala. Kwa hivyo wale mnaoniuliza ni profesa gani alinijaza hizi siasa za mrengo wa kushoto, poleni. Nilikaa kampasi mwaka mmoja tu, na maprofesa wenyewe nusu ya huo muda walikuwa kwa mgomo.

Nilifanya KCSE 2023, nikapata alama za kuingia chuo cha serikali. Mama alipiga vigelegele hadi ploti nzima ikatoka nje. Mwaka uliofuata ndio nikajaza fomu ya ufadhili. Nyumba yenu ni ya mawe ama ya mabati? Mna stima? Ulisoma shule gani, wazazi wanafanya kazi gani? Halafu kompyuta ilikuwa inapiga hesabu zake na kukuweka kwenye bendi, kutoka 1 hadi 5. Ukiwa bendi ya 1, familia ilikuwa inalipa asilimia 5 ya karo. Ukiwa bendi ya 5, familia ilikuwa inalipa asilimia 40.

Mimi niliwekwa bendi ya 5.

Sasa nikuonyeshe huo utajiri wetu. Mama anauza mboga. Baba alikuwa dereva wa lori mpaka kampuni ikapunguza watu. Nyumba ni ya mawe, ndio, juu hapa Eastlands ploti karibu zote ni za mawe, lakini mawe ni ya landilodi. Sisi tuna chumba kimoja na pazia katikati. Stima iko, ya tokeni za shilingi 50. Karo ilikuwa 120,000 kwa mwaka, sehemu yetu 48,000, na hapo hujagusa chakula wala mahali pa kulala. Nilikata rufaa, nikangoja jibu mpaka nikazoea kungoja. Chama cha mama kikachanga, kanisa likafanya harambee, mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili haukuanza.

Lakini kuna kitu kiliniuma kushinda hizo pesa. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka minne alipata bendi ya 3, na kwao kuna gari. Gari kuukuu, anaapa haliwaki, lakini liko. Tukakosana, manze. Wiki mbili tunatupiana maneno kuhusu nani maskini kumshinda mwenzake. Yeye anahesabu madeni ya baba yake, mimi nahesabu ndugu zangu. Nikakaa chini nikajiuliza: kwani ni nani aliamua kwamba kusoma ni lazima kwanza uthibitishe unyonge wako? Ukipita Thika Road hakuna anayekuuliza bendi. (Expressway tuiache, ile ina bendi yake.)

Huo ndio ushoto wangu wote, ukitaka kujua. Kuna vitu mtu anafaa kupata kwa sababu ni mtu, na wote tulipie kupitia kodi, mwenye nyingi atoe nyingi. Shule na hospitali kwanza, mengine tutabishana.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, hataki kusikia. Kila Krismasi ananiita mkomunisti mbele ya nyama. "Sisi tulijisomesha wenyewe, mtoto wa dada. Nyinyi mnataka kubebwa." Krismasi iliyopita nikamuuliza kwa heshima, Mjomba, uliingia chuo mwaka gani? 1984. Wasee! 1984 masomo ya chuo kikuu yalilipwa na serikali, na juu yake wanafunzi walikuwa wanapewa pesa za matumizi, zile waliita boom. Kwenye karatasi ilikuwa mkopo, na wengi hawakuwahi kuulipa. Muulize mzee yeyote aliyekuwa huko, uone vile uso unang'aa akitaja boom. Mambo yalianza kugeuka mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati Benki ya Dunia na IMF zilisukuma serikali ipunguze matumizi na raia "wachangie gharama". Hospitali za serikali zikaanza kutoza, na 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu wakaanza kulipa.

Mjomba alijituma, siwezi kumnyang'anya hilo. Ila alijituma akiwa amebebwa. Hata mimi nimebebwa. Niliingia darasa la kwanza 2011 bila karo kwa sababu 2003 serikali ya Kibaki ilifanya shule ya msingi kuwa bure, na mwaka huo watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Hakuna aliyesema hao watoto ni wavivu.

Najua mtasema huyu maisha yamemshinda, ni uchungu unaongea. Uchungu uko, sawa. Lakini uchungu peke yake haukupeleki kushoto. Kuna msee wa boda stejini kwetu aliacha chuo mwaka mmoja na mimi, kwa sababu ile ile. Yeye anaamini shida ni kwamba zamu ya watu wetu kula haijafika. Anangoja mtu wa kabila lake aingie Ikulu, halafu mambo yatanyooka. Tumebishana sana juu ya hiyo, na bado ndiye ananibeba.

Nadhani kilichotutenganisha ni Juni 2024. Yeye alikuwa kazini, mimi nilikuwa tao, miezi michache kabla ya hiyo fomu. Mswada wa Fedha ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Nilimwagiwa maji machoni na dada nisiyemjua, gesi ikiwa kila mahali, na hakuniuliza jina la pili. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Kuna wenzetu walikuwa wameshauawa. Ukishaona mkate ukiunganisha watu hivyo, ni ngumu tena kuuziwa stori ya zamu ya kabila.

Na msiniambie haya ni mambo ya kuletwa na Wazungu. Pio Gama Pinto alipigwa risasi hapa Nairobi Februari 1965. Bildad Kaggia alitoka serikalini 1964 kwa kukataa kunyamaza kuhusu ardhi ya wasio na mashamba. Mwaka huo wa Pinto serikali yenyewe ikatoa Sessional Paper Nambari 10, na kichwani ikaandika Ujamaa wa Kiafrika. Shuleni tulikariri jina tu. Ukiusoma, utakuta wanasema pesa za maendeleo ziende kwanza kule kwenye ardhi nzuri na mvua, ambako faida itarudi haraka. Turkana na Mandera wakaambiwa wangoje. Kwa hivyo jina "ujamaa" halinibabaishi, mimi huangalia pesa imeenda wapi.

Ndio maana pia silii na ile kodi yetu ya video. Mswada wa 2023 ulitaka asilimia 15 kwa waunda maudhui, ikaishia 5. Mtu wa kushoto anayechukia kila kodi anajidanganya, hospitali haijengwi na hashitegi. Shida yangu ni kukatwa hiyo 5 halafu mama aende kliniki aambiwe anunue glavu duka la nje.

2027 watakuja na kofia na unga wa kilo mbili. Unga tutachukua. Lakini anayetaka kura yangu azime kwanza huo muziki aniambie: mtoto wa mama mboga aliye sekondari sasa hivi, akimaliza, atajaza fomu gani?