*TAMKO LA TAWI: KIFUNGO KISIWE JIBU LA KWANZA*



Wiki hii humu kundini limetolewa pendekezo kwamba tawi liandike barua kudai vijana wanaoiba kuku, betri na simu wafungwe miaka mingi na wachapwe viboko. Hasira tunazielewa. Mama lishe akiibiwa mtungi wa gesi, siku hiyo hana biashara. Hata hivyo Kamati ya Tawi haitaandika barua hiyo.

Viboko tulishavijaribu. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 iliamuru viboko 24: 12 mtu akiingia gerezani, 12 akitoka. Mwaka 1972 ikaandikwa nyingine isiyo na viboko hivyo, na 1989 vikarudishwa. Wizi haukukoma wakati wowote katika hayo. Wazee wetu mnaokumbuka ni mashahidi.

Halafu yule mama anapata nini? Kijana akifungwa miezi 6, mtungi haurudi. Tunamlisha kwa kodi yetu, analala na majambazi wazoefu, kisha anarudi mtaa huu huu akijua mengi kuliko alivyokwenda.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu, pale ambapo kifungo kisingezidi miaka 3, ampe mkosaji kazi isiyo na malipo: kufyeka eneo la zahanati, kuchimba msingi wa darasa. Anaweza pia kuamuru aliyeibiwa alipwe fidia. Shida ni sisi. Afisa wa uangalizi akija kuulizia habari za kijana, tunamjibu "mpelekeni tu, tumemchoka". Na ripoti inakwenda hivyo hivyo.

Tusieleweke vibaya. Mbakaji, au anayevamia nyumba za watu na panga, mahali pake ni gerezani na tawi halitamwombea. Ila kumtesa mtu tu ili tupoe mioyo, hiyo haiwezi kuwa shabaha kuu ya mahakama.

Na mnaoandika humu "tumalizane naye hapo hapo": kumpiga mtu mpaka afe ni mauaji, awe mwizi asiwe mwizi. Ujumbe wa namna hiyo utafutwa.

Kikao ni Jumapili saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Tunaomba hasa walioibiwa wafike, waseme wenyewe wanachotaka: mali yao, kazi ya kijana, au kifungo. Maoni yao tutayafikisha kwa mwenyekiti wa mtaa.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi