Kadi sitoi

Nilipotea, mnisamehe, tesiti zilinikalisha. Leo Engutoto kuna ukungu, Mlima Meru hauonekani kabisa, nimejifunika shuka naandika.

Juzi usiku dada mmoja wa hosteli kanigongea. "Shoga, niazime kadi yako ya bima, tumbo linaniua." Yeye hana bima, na boom lilishakwisha. Hatufanani hata kidogo, ila eti dirishani hawaangalii sura. Nikamnyima. Tukachangishana hela, tukamtafutia bodaboda, akatibiwa kwa taslimu. Mpaka leo kaninunia, na nusu ya korido wananiita mchoyo.

Jamani, si uchoyo! Akipimwa kwa jina langu, ugonjwa wake unaingia kwenye faili langu. Siku nikipelekwa nimezimia, daktari atasoma habari za mwili wa nani? Halafu kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 369: kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai. Sisi tunaita kusaidiana.

Ila wanaosema wanafunzi wa hivyo wafungwe tu, hapo tunagombana. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilisainishwa fomu ya bima tupu kwenye zahanati moja hapa mjini. Nilipimwa malaria tu, nikapewa panadol. Kuja kuchungulia, wamejaza vipimo vinne. Nikanyamaza, foleni ndefu, aibu pia. Na mwaka huo nilikuwa nimelipa 50,400 ya bima, nikala mihogo wiki mbili (msicheke).

Yule aliyejaza ndiye ninayemtaka mimi. Kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 302, ni hadi miaka 7. Marekani tangu 1996 wana sheria kabisa ya maelezo ya uongo kwenye mambo ya matibabu, hadi miaka 5. Jirani zetu Kenya, Juni 2023, walisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kuidai bima hela za matibabu ya uongo. Sasa huyo na binti aliyejikunja kwa tumbo mnataka wapande karandinga moja? Binti apigwe faini, yatosha. Mjaza fomu aende ndani.

Na sahihi yangu ilikuwa pale chini. Siku hizi siweki kalamu mpaka nisome kilichojazwa, hata foleni inizomee.

Dada wa tumbo, kama unasoma, njoo chumbani, kuna uji. Kadi sitoi.