Usiuze koti la mbwa kwa S, M, L

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi mtaicheka: makoti ya mbwa. Hata mimi nilicheka, mpaka mteja wa tatu aliponiuliza inboksi kama ninayo. Mimi nauza makoti ya mvua na gambuti hapa Bukoba, na mji huu mnaujua, ziwa liko mlangoni, Aprili mvua inaanza usiku na asubuhi bado ipo. Nikaona hela hiyo. Nikaagiza makoti 12, nikaposti: "Makoti ya mbwa, saizi zote, yanafaa mbwa wote."

Hilo neno "wote" ndilo lililoniponza.

Mzee mmoja wa Kamachumu alichukua saizi M. Ana mbwa wa kienyeji, mbio tupu, kila alfajiri wanaenda shamba pamoja. Wiki haikuisha akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, halafu akasema, "Mwanangu, koti lako limemchuna mbwa wangu." Akanitumia picha. Kwapani, nyuma ya miguu ya mbele, manyoya yametoka, ngozi nyekundu imeanza kutoa maji. Koti lilikuwa pana mgongoni ila linabana kifuani. Nikamrudishia hela yake pamoja na nauli ya mzigo. Picha ile mpaka leo sijaifuta kwenye simu.

Jamani, M ya kiwanda hiki siyo M ya kiwanda kile. Na mbwa wawili wa uzito mmoja hawana umbo moja: huyu kifua kimeshuka na kiuno chembamba, yule ni duara kama pipa. Siku hizi situmi mzigo kabla mteja hajanipa vipimo kwa sentimita. Kikubwa ni mzunguko wa kifua, palepale nyuma ya miguu ya mbele. Halafu mgongo, kuanzia shina la shingo mpaka shina la mkia. Halafu shingo yenyewe. Mteja hana futikamba? Achukue kamba ya kiatu, apime, ailaze kwenye rula. Mbwa akishavaa, vidole viwili vipite bila kulazimisha kati ya nguo na mwili. Na mwombe akutumie video mbwa akikimbia, maana akisimama kila koti linamkaa vizuri.

Sasa hapa ndipo tunapogombana na wenzangu. Mimi nasema wateja wengi inabidi uwaambie ukweli: mbwa wako hahitaji koti. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili, la ndani ni blanketi tosha. Tena mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje. Ukimfunga nailoni isiyopitisha hewa halafu jua likachomoza, unampika. Wa koti ni yule mwenye manyoya mafupi, mwembamba au mzee, ambaye kweli anakaa kwenye mvua muda mrefu, na mvua ikikata avuliwe, likaushwe. Mbwa wa ulinzi anahitaji kwanza banda lisilovuja. Mwambie hivyo hata kama huuzi mabanda. Na anayedai koti linazuia kupe anawadanganya watu, mteja huyo aende duka la dawa za mifugo.

Kitu ninachouza bila kusita ni kizibao chepesi chenye riflekta, kwa wanaokimbia na mbwa barabarani. Barabara ya Bukoba–Muleba saa kumi na moja alfajiri, ukungu, mabasi ya Mwanza yanapita. Dereva aone kitu kinang'aa.

"Mteja akitaka mpe, wewe siyo daktari." Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Sawa, ila soko letu ni dogo. Mtu wa Muleba akikusema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Kashai na Rwamishenye wameshasikia kabla hujala mchana. Halafu yule mbwa hawezi kuandika komenti, anavumilia tu kidonda.

Kingine, pima mzigo wako. Mimi nilichelewa. Mwaga kikombe cha maji juu ya mshono, subiri, pitisha mkono kwa ndani. Niliuza 5, yakarudi 3, na kati ya 10 niliyobaki nayo, 7 yalilowa kwenye mishono.

Yule mzee nilimpeleka kwa fundi cherehani jirani yangu. Kifua sentimita 61, mgongo 48. Fundi alikata koti la mvua la mtu lililokuwa limedoda, akaachia kwapa wazi sana na kuzungushia kitambaa cha pamba kwenye kingo. Kidonda kilipopona ndipo tukalituma kwa Noah. Jana mzee katuma video: mbwa anaruka mfereji, koti halijasogea. Pesa ya fundi bado nadaiwa, na yale 7 yako chini ya kaunta. Sijayaposti.